Shimo Namba Kumi na Nne

Kwa miaka mingi mshahara wangu pale Rumonge ulitoka kwenye mavi ya watu. Nalisema mapema ili mwenye tumbo jepesi ajiondokee sasa hivi. Watu wa sokoni waliniita Bwana Pua, na wakiniona natokea upande wa upepo walihamisha vikapu vyao vya samaki wa ndagala utadhani nitavitazama vikaoza. Sikuwalaumu. Ila mboga walikuwa wanakula, matumbo yao yalikuwa yametulia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia murakoze, asante ya Kirundi.

Jina langu Cirhuza. Ni Mushi wa upande wa Kabare, ng'ambo ya mpaka, nilishuka Burundi kabla ya Uhuru kutafuta kazi, nikaipata kwa daktari Mbelgiji wa usafi aliyehitaji mtu wa kumbebea fimbo ya kupimia. Vyoo vya soko, vya zahanati na vya mtaa wa Waswahili vilikuwa vinakombwa, tope lake likatiwa mapipani na kuvutwa kwa mikokoteni hadi mashamba ya michikichi upande wa Kigwena. Mkulima wa michikichi analipenda tope lile kuliko mama mkwe wake. Mche uliolishwa tope unazaa upesi, na katikati ya michikichi unaweza kupanda mboga za lengalenga zenye majani mapana kama kiganja. Hatari nayo iko hapo hapo, maana tope bichi lina minyoo na kuhara damu. Basi daktari akaandika sheria, ukurasa mmoja na nusu kwa Kifaransa. Uhuru ulipokuja yeye akaondoka, waraka wake ukabaki msumarini, na watu wakaanza kumwaga tope shambani siku ile ile lilipotoka chooni. Nani angewakataza? Tulikuwa huru.

Mwaka 1969 watoto kumi na tisa walikufa kwa kuhara damu ndani ya wiki tano. Wa kumi na moja alikuwa Bora, binti yangu, miaka sita. Lengalenga alizokula nilizinunua mimi mwenyewe. Baada ya hapo ofisi ya komine, serikali yetu ya mtaa, iliutoa ule waraka msumarini, ikanipa mimi pamoja na kofia na kaye moja ya kuandikia. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba nilikuwa mkali, namuuliza: mkali kuliko nini?

Sheria yenyewe haikuwa ngumu. Anayetaka tope achimbe shimo la mita tatu, tope lilale humo miezi sita, tabaka kwa tabaka na majivu na chokaa. Juu ya shimo kinasimama kibao chenye namba, jina la mwenye shimo na tarehe ya kufungwa. Jina hilo halibadilishwi hata shamba likipata mwenyewe mwingine, mpaka shimo likombwe; hilo komine iliongeza, kwa sababu mwaka ule wa watoto tulishindwa kujua tope lililoua lilitoka kwa nani. Miezi sita ikitimia nachota ndoo moja, natia kwenye chungu kibovu, napanda punje saba za mahindi. Tope bichi linaunguza mbegu. Siku ya saba zikiwa zimeota tano, shimo limeiva, lifunguliwe. Zisipoota tunangoja. Na shimo likishindwa mara tatu linafukiwa moja kwa moja, hakuna jembe la kuligusa tena. Hilo la mara tatu lilikuwa halijawahi kutokea.

Sasa Modeste. Modeste Barampama alikuwa na michikichi mia moja na hamsini kando ya njia ya Kigwena, mke aliyeitwa Vestine, na mdomo. Alisoma kwa mapadri hadi darasa la sita, akaisoma sheria yangu kwa Kifaransa kizuri kuliko changu, ndiyo maana alinichosha. Mwezi wa tatu mwaka 1972 alichimba shimo akaniita nilikague. Nikatumbukiza fimbo. Mita moja na nusu.

"Bado," nikamwambia.

"Baba Bora, weye uko mutu wa namna gani? Tope haina miguu. Itatoka namna gani humu?"

"Mvua ikinyesha inatoka. Chimba."

Wiki iliyofuata mita mbili. Nikamwambia achimbe. Wiki ya tatu mita mbili na nusu, na udongo wa chini pale ni mawe matupu, viganja vyake vilikuwa vimechubuka vyote. Vestine akanijia na chupa ya mawese, na salamu ndefu, na habari za wazee wangu ambao hakuwajua. Nikairudisha chupa. Nilimwambia kwamba mtoto wangu hakuzikwa ili mume wake apumzishe mgongo kwenye mita mbili na nusu. Lilikuwa neno baya, na nililipenda nilipokuwa nalisema.

Siku alipofika mita tatu Modeste alisimama ndani akanyoosha mikono juu, na vidole vyake havikufika ukingoni. "Umefurahi sasa?" akapaza sauti kutoka chini. "Hata gari ya padri inaingia humu!" Nikacheka, yeye akacheka, nikampa mkono wa kupandia. Ofisini niliandika kwenye kaye kwa mwandiko wangu bora: namba kumi na nne, mita tatu, tupu. Tope lake lilikuwa liletwe wiki ya kwanza ya mwezi wa tano.

Mwisho wa mwezi wa nne walikuja kwanza wenye mapanga, wakaua majirani na kuchoma nyumba kando ya ziwa. Halafu wakaja wenye bunduki, askari wa serikali, kuwatafuta wenye mapanga, na wawe wamewapata au wamewakosa, wakaanza kuwachukua wenye shule, wenye baiskeli, wenye kalamu mfukoni. Warundi wanauita wakati ule ikiza, baa. Mimi mgeni nilikaa kimya, maana mgeni naye ana shingo. Modeste aliitwa komine kwa karatasi yenye muhuri. Alivaa sweta yake ya kijani akaenda kwa miguu yake. Mtu aliyesoma, ofisi ikimwita, anakwenda.

Tarehe kumi mwezi wa tano, saa nane mchana, jua likiwaka, askari mmoja aliingia ofisini kwangu kuuliza mashimo gani yako wazi. Kaye ilikuwa mezani, imefunguliwa. Sikuhitaji hata kujibu. Shimo tupu lilikuwa moja tu, na nilikuwa nimeliandika vizuri.

Nilipofika Kigwena kamio, lori la askari, ilikuwa imeshashusha. Mimi na wavuta mikokoteni wawili tukaamriwa kuleta tope, majivu na chokaa tufunike. Sitasimulia yote. Niliona sweta ya kijani, iko karibu na juu, upande wa kulia. Jivu la kwanza nililimwaga pale kabla ya kwingine kote, ili nisiendelee kuiona. Tulipomaliza niliuliza kibao kiandikwe nini. Mkubwa wao alikuwa anafuta viatu kwa jani la mchikichi.

"Andika kama kawaida," akasema.

Nikaandika kama kawaida. Shimo 14. Modeste Barampama. Limefungwa 10-5-1972.

Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, wakimaanisha mtu mwenye hila. Modeste hakuwa na hila. Alitaka mita moja na nusu, akapumzike.

Mwezi wa saba, sokoni, nilimwambia Vestine mumewe yuko wapi, nikijifanya naonja mawese yake. Hakulia. Mwaka ule aliyemlilia mumewe alihesabiwa anamlilia mwasi, na wajane walipika na kulima kama watu ambao waume zao wamekwenda safari. Alifuta mdomo wa chupa kwa kitambaa, polepole, akazungusha na kuzungusha.

"Sasa niko najua kwenye iko," akasema. "Wenzangu hawajue." Kisha akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Baba Bora, wasifungue. Wasimumwage mu mashamba, watu wamule na lengalenga."

"Hawatafungua."

Niliahidi kama mjinga. Kibao kilikuwa na tarehe, na miezi sita ilikuwa inakuja.

Mwezi wa kumi mashamba ya "walioondoka", ndivyo karatasi zilivyowaita, yaliunganishwa kuwa shamba moja kubwa, na agronome, bwana shamba, akaletwa kutoka Bujumbura kulisimamia. Aliitwa Jean-Pierre, mwembamba, miaka thelathini hivi, mtu wa kufuata vitabu. Kwa bahati mbaya alinipenda tangu siku ya kwanza. Alifunua kaye yangu ukurasa kwa ukurasa akisema hajaona komine yenye kazi safi namna hii, na kidole chake kikasimama.

"Kumi na ine, mita tatu. Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Tarehe kumi mwezi ujao tunaanza na hii. Niko na miche elfu mbili inangojea."

Nikasema ndiyo, bwana. Ningemwambia nini? Sikumjua ni mtu wa nani. Neno moja kwenye sikio baya, na mimi, Vestine na wale wavuta mikokoteni tungetafutiwa shimo letu. Na vibarua wakishusha majembe mle, wakakutana na walichokutana nacho, nani angewaacha vibarua waende kusimulia? Niliwaza siku tatu. Siku ya nne nikakumbuka punje saba.

Mbegu iliyochemshwa haioti. Kila mama anajua. Nilimwendea Vestine, akachemsha punje ishirini, akazianika juani siku mbili mpaka zikarudi kuwa ngumu na kung'aa. Mwezi wa kumi na moja Jean-Pierre alisimama karibu yangu nikizipanda. Tope nililichota mwenyewe kutoka tabaka la juu, sikuruhusu mtu mwingine kulisogelea. Siku ya saba chungu kilikuwa kitupu kama upara. Yeye akakuna kichwa.

"Mashimo ingine zote zimeota."

"Tope hii ni ya zahanati, bwana. Iko na madawa mengi."

Akaandika: jaribio la kwanza, sifuri. Nilikwenda nyumbani nikalala usingizi mzito.

Mwezi wa kumi na mbili alikuja na mbegu zake mwenyewe ndani ya kopo, mbegu za serikali. Alizipanda kwa mkono wake siku ya Jumatano, akakiweka chungu ndani ya ofisi yake, karibu na dirisha, akafunga mlango na ufunguo akautia mfukoni. Jumapili, watu wakiwa misani, nilipitisha mkono dirishani. Nilipofukua, punje zilikuwa zimeshatoa mizizi. Nyeupe, saba zote, nene kuliko nilivyowahi kuona. Tope lile lilikuwa limeiva kuliko tope lolote la Rumonge. Nilijua ni kwa nini, na nilitapika pale pale chini ya dirisha, mimi Bwana Pua ambaye hajawahi kutapika kazini. Kisha nikafuta ukuta, nikapanda punje za Vestine, nikaenda kanisani kwa kuchelewa.

Sifuri ya pili ilimkasirisha Jean-Pierre, na habari ikafika kwa mkubwa wa komine. Huyo alikuwa anajua vizuri mle mna nini. Alinitazama kutoka nyuma ya meza yake akatabasamu. "Mavi ya kale hayanuki, Cirhuza. Mwache kijana afungue. Miezi saba sasa, kumebaki nini?" Methali hiyo naisikia tangu utotoni. Aliyeitunga hakuwahi kufanya kazi yangu.

Jaribio la mwisho likawekwa mwezi wa kwanza. Jean-Pierre alisema wazi kwamba safari hii chungu kitakaa chumbani kwake, chini ya kitanda, na dirisha litapigwa msumari. Mbegu zake, chungu chake, chumba chake. "Ikishindwa, règlement, ile sheria yenu, inasema tunafukia kabisa, na mimi nitaheshimu. Lakini kama kuna mutu anacheza na mimi, tutaonana."

Nilimpelekea Vestine habari hizo nikiwa nimeshakata tamaa. Alikuwa anapaka chumvi samaki wa kukausha, mikono imemchubuka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ndoo ya tope, nani anachota?"

"Mimi."

Akajaza mikono miwili chumvi kutoka kwenye gunia, akaifunga kwenye kipande cha kitenge. Akarudi akaongeza mikono mingine miwili.

Nilikoroga ile chumvi na maji, nikaimwaga kwenye ndoo huko huko shambani nikiwa nimeinama nyuma ya kibao. Tope halikubadilika rangi wala harufu. Jean-Pierre akapanda punje zake saba, akabeba chungu kwa mikono yake mwenyewe. Siku saba nilihesabu kwa mapigo ya moyo.

Siku ya saba aliniita asubuhi. Chungu kilikuwa mezani, udongo wake wa juu umetulia, hakuna jani. Niliachia pumzi. Lakini yeye hakuwa anatazama juu ya chungu. Alikuwa anatazama ubavu wake. Chungu cha udongo hutoka jasho, wote tunajua, na kile kilikuwa kimetoka jasho siku saba, na jasho likikauka likaacha unga mweupe umezunguka pande zote kama ukoga. Mimi niliyezaliwa nyumba ya wafinyanzi sikulikumbuka hilo.

Jean-Pierre akakwaruza kwa ukucha. Akautia ulimini.

"Chumvi," akasema.

Akakwaruza tena, upande wa pili.

"Cirhuza. Mutu anatia chumvi mu mavi juu ya nini?"

Alivuta kaye, akatafuta ukurasa, akasoma kama anausoma mara ya kwanza. Niliona macho yake yakifika kwenye tarehe, yakakaa hapo.

"Tarehe kumi, mwezi wa tano," akasema polepole. "Huyu Modeste, mwenye shimo. Iko wapi sasa?"

Nilichoka kuogopa, basi.

"Iko hapo hapo, bwana. Hakuondoka."

Alikaa. Nje vibarua walikuwa wanacheka kuhusu jambo fulani, na mtu aliwaita waje wabebe miche.

"Peke yake?"

"Kamio moja."

Alishika kalamu akaiacha, akaishika tena. "Dada yangu Sabine aliolewa Nyanza-Lac," akasema. "Niliandika barua tatu." Hakuniambia kama dada yake alikutana na wenye mapanga au wenye bunduki, na mimi sikuuliza. Mpaka leo sijui. Aliinamisha kichwa akaandika kwenye kaye yangu kwa mwandiko wake mdogo: jaribio la tatu, punje saba, sifuri. Shimo lifukiwe moja kwa moja. Akatia sahihi, akapiga muhuri wa shamba kwa nguvu hadi meza ikatikisika.

"Chungu ukivunje," akasema bila kunitazama. "Chumvi inaonekana."

Tulifukia wiki ile, mikokoteni arobaini ya udongo mwekundu. Nikachonga kibao kipya cha mbao ngumu, nikakipaka chokaa, nikaandika kwa lami kama sheria inavyotaka. Mkubwa wa komine alipita na gari, akasimama, akasoma, akatafuta kosa. Halikuwepo. Akaondoka.

Vestine alikuja keshoye saa nne asubuhi, jembe begani, kama mtu anayepita kwenda kulima. Kusoma hakujua. Barua za nyumba ile zilisomwa na Modeste.

"Somea mimi," akasema.

"Shimo namba kumi na nne. Modeste Barampama. Limefungwa tarehe kumi mwezi wa tano, 1972. Marufuku kufungua. Marufuku kulima. Marufuku kupanda chakula."

"Soma tena jina."

"Modeste Barampama."

"Tena."

Nikasoma tena, kwa sauti, kando ya njia, watu wakipita na mashuke ya ngazi za michikichi kichwani. Kwa miezi minane jina hilo halikuwa limetamkwa hadharani na mtu yeyote, hata yeye nyumbani kwake alikuwa analimeza. Sasa lilikuwa limesimama barabarani moja kwa moja, kwa amri ya serikali, na hakuna aliyeweza kuling'oa bila kuvunja sheria. Wajane wengine wa Kigwena hawakuwa hata na hicho. Nilitegemea, nakiri, kwamba atasema murakoze.

Alisogea akagusa zile herufi, lami ikamshika vidoleni.

"Yeye alitaka mita moja na nusu," akasema.

"Najua, mama."

"Ulimurudisha mara tatu."

"Najua."

"Ingekuwa mita moja na nusu, kamio haingeleta watu hapa. Wangeona haitoshi."

"Wangepeleka kwingine, Vestine. Wasingewaacha."

"Najua," akasema yeye naye. Alifuta vidole kwenye kitenge, lami haikutoka, akabeba jembe akaenda zake.

Kila mwaka kiangazi kikianza nakwenda Kigwena kukipaka kibao chokaa na kuziandika herufi upya. Njiani huwa najieleza, kwa sauti, kama mtu aliyeitwa barazani: kwamba Bora alikufa, kwamba mvua ingelitoa tope, kwamba mita tatu ndiyo sheria. Yote ni kweli. Nikifika narudia mpaka mwisho, na Modeste hanijibu, yeye ambaye hakuwahi kukosa la kunijibu.